Nani Alilipia Safari ya Ziwani?

Kila mwisho wa mwezi picha ni ile ile. Ziwa Ellis limetulia kwenye nyika ya juu, nyuma yake vilele vya Mlima Kenya vinachungulia kati ya mawingu, na mbele wamesimama vijana sita wenye marvin na makoti ya kukodisha, kila mmoja na kikombe cha chai mkononi. Chini ya picha kuna maelezo: siku mbili, usafiri, hema, chakula, ada ya hifadhi, halafu bei. Watu hawaulizi kuhusu ziwa. Wanauliza kuhusu bei. Inaweza kupunguzwa? Naweza kulipa mara mbili? Nikija na chakula changu je?

Ni maswali ya haki. Kwa kijana wa Nairobi anayelipa kodi ya nyumba Rongai au Kahawa West na kazi yake ni ya leo ipo kesho haipo, wikendi moja mlimani inaweza kumeza bajeti ya chakula ya wiki tatu. Ndiyo maana kuna msemo unaorudiwa sana kwamba mlima ni wa wazungu na watu wa Subaru. Ukiusikia mara ya kwanza unacheka. Ukisoma historia ya mlima wenyewe, kicheko kinapungua.

Maana yale maziwa ya juu yana historia ya bili. Kwa zaidi ya miaka 100, kila aliyefika kule alilipiwa na mtu, au alibebewa mzigo na mtu, au alifukuzwa na mtu. Wachache sana walifika bila senti, na mmoja wao aliandika kitabu. Nataka tuipitie hiyo bili polepole, tuone nani alilipa, halafu turudi kwenye bei ya leo tukiwa na macho mengine.

MAJI YALIYOACHWA NA BARAFU

Mlima Kenya ni volkano iliyozima zamani sana. Barafu iliwahi kufunika sehemu yote ya juu, ikashuka mabondeni ikikwangua mwamba kadiri ilivyosogea. Ilipoyeyuka ilibakisha mabonde mapana yenye kuta wima, na katika mashimo iliyochimba maji yakakaa. Ndiyo asili ya mengi ya maziwa haya. Ziwa Michaelson liko karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya ukuta wa mwamba wa takriban mita 300 unaoitwa Temple. Ukisimama juu ya ukuta ule ziwa linaonekana dogo kama kioo cha mfukoni, na kutoka hapo Mto Nithi unaanza safari yake ya kwenda Tana. Juu ya ukuta kuna vidimbwi vya Hall. Chini zaidi, karibu mita 3,450, ndiyo Ellis, ambalo limependwa na vijana kwa sababu rahisi: barabara mbovu ya gari inafika karibu nalo, na huhitaji siku nne kulifikia.

Upande wa kaskazini-mashariki kuna Alice na Rutundu, yenye samaki aina ya trauti walioletwa na walowezi waliopenda kuvua kwa ndoano kama kwao Uingereza. Kwenye nyumba ya magogo ya Rutundu ndiko William, mwana wa mfalme wa Uingereza, alikomposa Kate Middleton mwaka wa 2010. Kwa hiyo mlima ule ule una ziwa la mwana wa mfalme na ziwa la kuchangiana nauli.

Sikiliza hayo majina: Ellis, Michaelson, Alice, Hall, Höhnel, Teleki, Hausburg. Mwaka wa 1888 Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel walifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini, wakaliita Rudolf, jina la mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria. Mwaka wa 1975 serikali ililibadilisha likawa Turkana. Lakini maziwa madogo ya mlimani hakuna aliyeyashughulikia. Wale wale wawili, Teleki na Höhnel, bado wana maji yao juu ya Mlima Kenya, na kijana wa Chuka anayeongoza wageni lazima ayataje kila siku anapofanya kazi.

KABLA YA LANGO

Watu walioishi kuuzunguka mlima hawakuwa na haja ya kuuvumbua. Wakikuyu waliuita Kirinyaga, makao ya Mwene Nyaga, na waliomba wakiuelekea. Waembu na Wameru nao walikuwa na heshima yao kwa mlima huo huo. Wamaasai waliuita Ol Donyo Keri. Msitu wa chini ulikuwa ghala: asali, dawa, kuni, nyama, malisho ya kiangazi. Huko juu kwenye mawe na baridi hakukuwa na shughuli ya kumfanya mtu alale, lakini pia hakukuwa na lango wala karani wa kukata tikiti. Mwendo ulipimwa kwa hofu, kwa heshima na kwa haja.

Tarehe 3 Desemba 1849, Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani, aliuona mlima akiwa Kitui, alipokuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Wakamba waliuita Kiinyaa, na hapo ndipo nchi nzima ilipopatia jina lake. Krapf aliandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Huko London mtaalamu wa jiografia William Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga sehemu hizi, alikataa katakata. Ilibidi ngoja ngoja ya miaka mingi mpaka wazungu wengine wauone ndipo habari ikubalike. Wakati huo wote, mtu yeyote wa Nyeri au Chuka aliyetoka nje asubuhi kukiwa hakuna mawingu alikuwa anaiona theluji hiyo bure.

MSAFARA NA WATU WA MIZIGO

Teleki alifika mlimani mwaka wa 1887 kama mtu wa kwanza kutoka Ulaya kupita msitu na kufikia nyika ya juu. Alikuwa kabaila wa Hungaria, tajiri kweli kweli, na alikuja na msafara wa mamia ya wapagazi waliokusanywa pwani. Bonde la Teleki, ambalo leo hupitiwa na wanaotumia njia ya Naro Moru, limebaki na jina lake.

Baada yake akaja John Walter Gregory mwaka wa 1893. Huyu hakuwa tajiri. Alikuwa mwanajiolojia wa jumba la makumbusho huko London. Alifika Afrika Mashariki akiwa sehemu ya msafara mkubwa wa watu wengine, msafara huo ukasambaratika, naye akaamua kuendelea na wapagazi wapatao 40 tu. Kwa viwango vya siku zile hiyo ilikuwa safari ya bei poa kabisa. Alifika mpaka kwenye barafu ya Lewis, akaipa jina hilo, na kazi yake ya safari hiyo ndiyo iliyolipa umaarufu jina la Bonde la Ufa. Lakini angalia vizuri: hata safari ya bei poa ilihitaji migongo 40 ya watu.

Halafu kuna Halford Mackinder, ambaye jina lake liko kwenye kambi ambako wapandaji wengi hulala kabla ya kwenda Point Lenana. Reli ilifika Nairobi katikati ya mwaka wa 1899, na miezi michache baadaye Mackinder akaitumia. Aliondoka Nairobi mwezi wa Julai na watu 170: wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na viongozi wa njia 2 wa Kimaasai. Kati ya wazungu hao wawili walikuwa mafundi wa kupanda milima kutoka Courmayeur, Italia, César Ollier na Joseph Brocherel. Tarehe 13 Septemba 1899 hao wawili pamoja na Mackinder walisimama juu ya Batian, mita 5,199. Yeye ndiye aliyeviita vilele Batian, Nelion na Lenana, kwa majina ya viongozi wa Kimaasai.

Kitabuni hapo huwa ndio mwisho wa hadithi, na watu wanapiga makofi. Sasa rudisha macho chini. Mwaka wa 1899 nchi ya Wakikuyu ilikuwa kwenye njaa kubwa, ile iliyoanza mvua zilipokosekana mwishoni mwa miaka ya 1890, na ndui ilikuwa inamaliza vijiji. Msafara wa watu 170 uliingia katika nchi ile ukitaka kununua chakula kwa watu waliokuwa wanazika watoto wao. Hakikuuzwa, kwa sababu hakikuwepo. Watu wawili wa Mackinder waliuawa walipotumwa kutafuta chakula. Wenzake wengine ilibidi waende Naivasha kutafuta akiba ili yeye aendelee kujaribu kilele. Na miaka mingi baadaye, shajara yake ilipochapishwa mwaka wa 1991, ilionekana pia orodha ya wapagazi ambamo wanane wameandikiwa kwamba walipigwa risasi kwa amri.

Wanane. Hiyo ni kama kundi zima la wikendi, wale wa kwenye picha ya Ziwa Ellis pamoja na dereva na kiongozi wa njia. Mimi hiyo namba imenikaa kichwani kuliko mita 5,199. Kwenye ramani kuna Bonde la Mackinder, kuna Hausburg, kuna Teleki, lakini kwa wale wanane hakuna hata kidimbwi.

VIJANA WA SHAMBA LA KAHAWA

Kwa miaka 30 hakuna aliyefika Batian tena. Waliofuata walikuwa watu wa aina nyingine. Eric Shipton alikuja Kenya mwaka wa 1928, akiwa na miaka 21, kujifunza ukulima wa kahawa karibu na Nyeri. Hakuwa na shahada. Kutoka shambani aliuona mlima kila asubuhi. Januari 1929 yeye na Percy Wyn-Harris, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni, walipanda Nelion, ambako hakuna aliyewahi kufika, kisha wakavuka kwenda Batian. Mwaka wa 1930 Shipton alirudi na Bill Tilman, mlowezi mwingine, wakapitia ukingo wa magharibi.

Hawa wawili baadaye walisifika duniani kwa falsafa moja: safari ndogo, mzigo mwepesi, chakula cha kawaida, gharama ya chini. Wakati mataifa yalikuwa yanapeleka misafara mikubwa kama majeshi kwenye Himalaya, Shipton na Tilman walikwenda Nanda Devi mwaka wa 1934 wao wawili na Masherpa watatu tu. Wanaopenda safari za begi moja mgongoni wanawaheshimu kama wazee wa ukoo.

Mimi pia nawapenda, lakini hesabu yao ina mstari uliofichwa. Safari ya mwishoni mwa wiki kutoka shamba la Nyeri ilikuwa rahisi kwa sababu shamba lilikuwepo, na shamba lilikuwepo kwa sababu ardhi ilichukuliwa, na kazi ya shamba ilifanywa na watu waliolazimika kutafuta pesa za kodi ya kichwa na waliovaa kipande shingoni. Wakati ule ule njia ya Chogoria ilikuwa inafunguliwa. Ernest Carr, mtu wa pesa aliyesaidia misheni ya pale, ndiye anayetajwa kuwa aliichonga miaka ya 1920 na kujenga kibanda cha Urumandi. Jembe na panga lakini hazikushikwa na Carr peke yake. Mwaka wa 1932 msitu ukatangazwa kuwa hifadhi ya serikali, na mwaka wa 1949 sehemu ya juu ikawa mbuga ya taifa. Kuanzia hapo asali ya babu ikawa kosa la jinai, na ziwa likawa na lango.

WAFUNGWA WATATU NA MKEBE WA NYAMA

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu safari ya bei ya chini kuliko zote ilifanywa mwaka wa 1943.

Nanyuki kulikuwa na kambi namba 354, ya wafungwa wa vita wa Italia waliokamatwa Ethiopia. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alikuwa afisa wa utawala wa Italia huko Ethiopia na mpanda milima tangu utotoni. Maisha ya kambini yalikuwa ya kuchosha akili: matope, uvumi, siku zisizo na mwisho. Siku moja mawingu yalifunguka akauona Mlima Kenya, na wazo likamwingia. Atoroke, apande, kisha arudi kambini mwenyewe. Kutorokea nchi jirani ilikuwa mbali mno. Alichotaka ni kitu cha kufanya kinachomfaa binadamu.

Bajeti yake ilikuwa sifuri. Aliweka akiba ya chakula kutoka sahani yake kwa miezi. Nyundo zilizoibwa zikafuliwa zikawa mashoka ya barafu. Vyuma vya kufunga kwenye viatu ili visiteleze vilitengenezwa kutoka mabati na vyuma chakavu. Kamba zilitoka kwenye katani za vitanda. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Ufunguo wa lango waliunakili.

Tarehe 24 Januari 1943 Benuzzi, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitoka kambini, wakaacha barua ya kumwambia mkuu wa kambi kwamba watarudi. Walipanda kupitia msitu wakifuata mto, wakiogopa ndovu na chui usiku. Barsotti aliugua akabaki kwenye hema. Wengine wawili walijaribu Batian kwa ukingo wa kaskazini-magharibi, theluji ikawarudisha. Tarehe 6 Februari walifika Point Lenana, wakasimika bendera ya Italia na kuacha majina yao kwenye chupa. Chakula kilikuwa kimekwisha. Walishuka na njaa kali, na tarehe 10 Februari, baada ya siku 18 nje, walikuwa wamerudi kambini.

Adhabu ilikuwa siku 28 za kizuizi cha peke yao. Mkuu wa kambi akaipunguza mpaka siku 7, kwa sababu alikiona kitendo chao kuwa cha kiungwana, cha kimichezo. Benuzzi aliandika kitabu kwa Kiitaliano mwaka wa 1947, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka wa 1952. Bado kinasomwa, na kinastahili. Ni kitabu cha mtu asiye na kitu aliyekataa kuambiwa kwamba urembo wa dunia haumhusu.

MLIMA ULIOFUNGWA

Sasa shika huo mwaka wa 1952, kwa sababu kuna jambo lingine lilitokea. Tarehe 20 Oktoba serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Maelfu ya vijana wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru waliingia msituni, wengine Nyandarua, wengine Mlima Kenya, ambako Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa kamanda. Walipanda mlima ule ule aliopanda Benuzzi, na wao pia bila pesa, wakiwa na chakula kilichopitishwa kwa siri na akina mama, makoti ya ngozi waliyojishonea na bunduki za kujitengenezea. Mwaka wa 1953 misitu ya mlima ilitangazwa kuwa eneo lililokatazwa. Mtu aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa. Ndege za jeshi la Uingereza ziliudondoshea mlima mabomu. Kwenye ukingo wa msitu wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki refu ili mpiganaji asipate chakula na mwanakijiji asiweze kukipeleka.

Kwa hiyo katika kipindi ambacho wasomaji wa London walikuwa wakifurahia hadithi ya wafungwa watatu waliotoroka kwenda kupanda Mlima Kenya, mwenyeji wa Chuka aliyeingia msitu wa nyumbani kwao alikuwa anahesabiwa kama windo. Benuzzi alipata siku 7. Itote alikamatwa Januari 1954 akahukumiwa kunyongwa, hukumu ambayo baadaye ilibadilishwa, akakaa kifungoni kwa miaka. Silinganishi mtalii na mpiganaji. Nalinganisha tu namna serikali moja, kwenye mlima mmoja, ilivyoona ujasiri wa mtu mmoja kuwa mchezo na wa mwingine kuwa jinai.

Na maji yaliendelea kushuka. Mto Thiba unatoka mlima huu, unapita Mwea, ambako mifereji ya mashamba ya mpunga ilianza kuchimbwa katikati ya miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliozuiliwa wakati wa hali ya hatari. Pishori unayokula Jumapili imenyweshwa na mlima kupitia mifereji hiyo.

Usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipanda na bendera mpya ya Kenya na kuipeperusha juu ya mlima. Alifariki mwaka wa 2007. Picha yake iko kwenye kumbukumbu ya taifa, ila ukimtaja kwenye gari la wikendi kuna uwezekano mkubwa nusu ya abiria wakakuuliza ni nani. Lakini Mackinder wanamjua, maana wamelala kwake.

BEI YA LEO

Baada ya yote hayo, naweza kusema kwamba kwenda ziwani kwa pesa kidogo si kitu cha kuonea aibu. Kwa Mkenya wa kawaida ni kama kurudi mahali alipofungiwa. Swali linalobaki ni gharama ipi inakatwa, na inakatwa kwa nani.

Nauli inakatika. Kutoka katikati ya jiji magari ya Meru yanayopitia Embu yanapita Chogoria, na huhitaji gari la kukodisha kutoka Nairobi. Kinachouma ni kipande cha mwisho, ile barabara ya msitu ya karibu kilomita 30 kutoka mjini hadi lango la hifadhi, ambayo ikinyesha inageuka sabuni. Hapo watu hujaza Land Rover moja wakagawana, au huchukua bodaboda mpaka inapogoma, au hutembea. Chakula kinakatika: nduma, mayai ya kuchemsha, njugu, chapati za nyumbani, unga wa uji. Hema na mfuko mzito wa kulalia vinakodishwa mjini. Mkenya anayo ada yake ya hifadhi, tofauti na ya mgeni, kwa hiyo kitambulisho kisisahaulike. Januari na Februari, au Agosti na Septemba, kuna mvua kidogo, maana yake siku chache za kupoteza.

Kuna visivyokatika. Siku ya ziada ya kuzoea hewa haikatiki. Kutoka Nairobi ya mita 1,700 hadi mita 3,450 kwa nusu siku, kichwa kitakuuma, na ukilazimisha kuendelea hadi Michaelson huku unatapika unacheza na maisha. Nguo za joto hazikatiki, kwa sababu usiku kule maji ya chupa huganda. Na mlima huu haupandwi peke yako.

Kisha kuna mpagazi. Hapa ndipo historia yote inapokutana na bango la wikendi. Waandaaji wakishindana kwa bei, mahali pa kwanza pa kubana si petroli, maana petroli haina huruma. Wanambana yule kijana au mzee wa Chogoria anayebeba hema, sufuria na gesi yako. Anaambiwa wageni ni wanafunzi, hawana kitu, kwa hiyo leo apokee nusu. Nimewahi kukaa kwenye moto wa jioni na mpagazi mmoja, mtu wa umri wa baba yangu, amevaa gambuti bila soksi kwenye baridi ambayo sisi tulikuwa tumeivalia makoti mawili. Nilimuuliza analipwa ngapi. Hakunijibu kwa namba. Alisema, "Inategemea nyinyi mmelipa ngapi." Halafu akaongeza kuni.

Jibu hilo lina ukweli wa miaka mingi. Mwaka wa 1899 kilele cha Mackinder kililipiwa na watu 162 waliobeba, wengine kwa jasho, wengine kwa njaa, wanane kwa risasi. Leo hakuna anayepigwa risasi, asante Mungu. Lakini hesabu ya kumwachia mbebaji gharama ya furaha yetu bado ipo, na safari hii sisi ndio tunaosimama upande wa mwenye msafara. Kama bei ni ya chini hivyo, uliza kabla ya kutuma pesa: mpagazi analipwa ngapi kwa siku, analala wapi, ana koti? Kama hamwezi kumlipa inavyofaa, fanyeni kama Benuzzi: kila mtu abebe mzigo wake, mwende mahali mnapoweza kufika nao. Ellis inafikika hivyo.

Kuna sababu nyingine ya kutoahirisha hadi siku utakapokuwa na pesa. Mwisho wa karne ya 19 Mlima Kenya ulikuwa na mito ya barafu 18. Leo imebaki chini ya 10, na mingine ni vipande tu. Barafu ya Lewis, ile iliyopewa jina na Gregory, ilipoteza asilimia 90 hivi ya ujazo wake kati ya mwaka wa 1934 na 2010. Karibu nayo kuna kidimbwi ambacho walowezi walikiita Curling Pond, kwa sababu maji yake yaliganda kiasi cha watu kuchezea mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu. Wasayansi wanatarajia kwamba barafu iliyobaki itakwisha katika uhai wetu. Waliochoma makaa ya mawe na mafuta kuipasha dunia joto hawakuwa watu wa Chogoria, wala kijana wa Rongai. Hiyo nayo ni bili iliyotumwa kwa anwani isiyo yake.

Maziwa yatakuwepo bado, ya mvua na chemchemi, ila mlima uliokuwa mweupe mpaka ukawapa Wakamba jina, na jina hilo likawa la nchi, utakuwa mweusi. Mtoto atakayezaliwa mwaka huu anaweza kuja kuuliza kwa nini bibi yake alisema juu kule kulikuwa kweupe. Ingefaa awepo mtu wa mtaani kwao aliyepaona, na aliyemlipa vizuri aliyembebea hema.